Kushua mashua ya trela

Kushua mashua ya trela ni kazi ya kuingiza majini mashua ndogo iliyoletwa ufukweni juu ya trela linalokokotwa na gari. Katika lugha ya mabaharia wa pwani ya Afrika Mashariki, kushua ni kushusha chombo kutoka nchi kavu hadi majini. Makala hii inahusu hasa mashua za tanga zenye urefu wa mita 3 hadi 7 hivi, zinaposhuliwa na mtu mmoja kwenye mteremko uliojengwa kwa saruji.

Kazi hii hukutanisha mahali pamoja gari, sakafu yenye utelezi, mlingoti mrefu wa chuma, upepo na maji. Wakiwapo watu wawili, mmoja huendesha gari na mwingine hushika kamba. Methali husema kidole kimoja hakivunji chawa. Kwa hiyo anayefanya kazi hii peke yake hulazimika kutumia mpangilio mzuri, kamba na makapi mahali pa mikono inayokosekana.

Historia

Mashua za kubebwa kwa gari zilienea baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mambo mawili yalichangia: watu wengi zaidi wa Ulaya na Amerika Kaskazini walimiliki magari, na mafundi walipata plaiwudi na gundi zisizoharibiwa na maji, na baadaye plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Mashua ikawa nyepesi, na mwenye nayo hakuhitaji tena kulipia mahali pa kuifunga bandarini mwaka mzima.

Baadhi ya mashua zinazojulikana sana za aina hii ni:

- Optimist, iliyobuniwa na Clark Mills huko Clearwater, Florida, mwaka 1947 kwa ajili ya watoto. Ina urefu wa mita 2.3 na uzito wa kilo 35.
- Wayfarer, iliyobuniwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Ina urefu wa mita 4.8 na uzito wa kilo 169 bila vifaa vyake.
- Mirror, iliyobuniwa na Jack Holt na Barry Bucknell wa Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 1963. Ina urefu wa mita 3.3 na uzito wa kilo 45 hivi. Wanunuzi wengi waliiunganisha wenyewe nyumbani.
- Laser, iliyobuniwa na Bruce Kirby wa Kanada na kuanza kuuzwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ina urefu wa mita 4.2 na uzito wa kilo 59.
- Catalina 22, iliyobuniwa na Frank Butler wa Marekani karibu na mwaka 1970. Ina urefu wa mita 6.5 hivi, chumba kidogo cha kulala, na uzito unaozidi tani moja.

Mashua tatu ndogo kati ya hizi zinaweza kusukumwa na mtu mmoja juu ya kigari cha mkono. Catalina 22 na nyingine za ukubwa wake haziwezekani kushuliwa bila gari.

Mteremko wa kushulia

Mteremko mzuri huwa na mwinamo wa asilimia 12 hadi 15, maana yake sakafu hushuka sentimita 12 hadi 15 kwa kila mita moja ya urefu. Ukiwa bapa mno, gari lenyewe huingia majini kabla mashua haijaelea. Ukiwa mkali mno, magurudumu hukosa nguvu ya kulipandisha trela.

Hesabu rahisi huonyesha jambo hili. Kama mashua huelea pale magurudumu ya trela yanapozama sentimita 75, kwenye mwinamo wa asilimia 13 ni lazima trela liingie majini takriban mita 6 kutoka ukingo wa maji. Ikiwa umbali kutoka magurudumu ya trela hadi magurudumu ya nyuma ya gari ni mfupi kuliko huo, gari litalowa. Ndiyo sababu baadhi ya matrela huwa na mkono wa kurefushwa.

Mwinamo huamua pia uzito unaovuta kuelekea majini. Kigari na mashua vyenye jumla ya kilo 150 huvuta kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 20 hivi kwenye mwinamo wa asilimia 13, na mtu mzima mwenye afya anaweza kuzuia nguvu hiyo akiwa amesimama mahali pakavu. Trela la kilo 600 huvuta kwa nguvu sawa na kilo 78, na hakuna mtu wa kulizuia kwa mikono likianza kuteleza.

Kabla ya kuleta gari, mwenye mashua hushuka kwa miguu akague mambo manne: sehemu yenye mwani wa kijani, ambayo huteleza sana; mahali saruji inapoishia chini ya maji, kwa kuwa gurudumu likivuka hapo huweza kunasa; upande unaotoka upepo; na mwelekeo wa mkondo wa maji.

Maandalizi

Kazi nyingi hufanywa kwenye uwanja wa pembeni, mbali na mteremko. Hii ni adabu kwa wengine wanaosubiri zamu, lakini kwa mtu aliye peke yake ni usalama pia, maana akisahau kitu mashua ikiwa tayari inaelea hana wa kumwachia kamba.

Mambo ya kufanywa uwanjani ni haya:

1. Kufunga kizibo cha tundu la kutolea maji lililo chini ya tezi. Tundu lenye kipenyo cha milimita 25, lililo sentimita 20 chini ya usawa wa maji, huingiza zaidi ya lita 30 kwa dakika. Mashua ndogo hulemewa kabla mwenyewe hajarudi kutoka kuegesha gari.
2. Kuondoa mikanda ya safari. Mkanda wa winchi unaoshika omo hauguswi mpaka mashua ifike majini.
3. Kuchomoa waya wa taa za trela, ili taa zenye joto zisipasuke na umeme usilete hitilafu zikizama.
4. Kuacha beringi za magurudumu zipoe. Kitovu cha gurudumu kilichopata moto barabarani kikizamishwa ghafla, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji yanayoharibu grisi.
5. Kufunga kamba mbili ndefu, moja omoni na nyingine tezini. Kwa mtu mmoja, kila kamba huwa na urefu wa mara mbili ya mashua, ili aweze kuitawala akiwa amesimama pale pale.
6. Kuning'iniza dafrao, yaani mito ya kuzuia ubavu wa mashua usikwaruzwe na gati.
7. Kuvaa jaketi la kuokolea maisha. Aliye peke yake huvaa kabla ya kukaribia maji, kwa sababu akiteleza na kugonga kichwa hakuna wa kumtoa.

Kusimamisha mlingoti

Mlingoti wa mashua ya trela hulazwa wakati wa safari na kusimamishwa ufukweni. Ugumu wake hautokani na uzito peke yake bali na nyenzo. Mlingoti wa mita 7 wenye uzito wa kilo 15, ukiwa umelala huku kitako chake kimefungwa kwa bawaba, huhitaji nguvu ya kilo 26 hivi kwa anayeuinua mita 2 kutoka kwenye bawaba, na kilo 52 hivi kwa anayeuinua mita 1 tu kutoka hapo. Kadiri unavyosimama, ndivyo unavyokuwa mwepesi. Hatari kubwa iko mwanzoni.

Wanaofanya peke yao hutumia mti mfupi wa kuinulia, uliosimamishwa mbele ya kitako cha mlingoti. Kamba hutoka mlingotini, hupita kwenye ncha ya mti huo, kisha hushuka hadi omoni. Bila mti huo, kamba ingevuta karibu sambamba na mlingoti uliolala, na nguvu nyingi ingepotea katika kuusukuma kitako badala ya kuuinua. Makapi ya demani ya tanga kuu hutumika kuvutia: yakiwa na kamba nne kati ya kapi na kapi, mvuto wa kilo 10 huleta karibu kilo 40, ukitoa kinachopotea kwa msuguano.

Waya za ubavuni zinazoshikilia mlingoti hukaguliwa kwanza zisijisokote wala kunasa chini ya mashua. Waya ya mbele ikishafungwa omoni, mlingoti hujisimamia.

Nyaya za umeme

Hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii haiko majini bali juu. Milingoti mingi hutengenezwa kwa alumini, ambayo hupitisha umeme vizuri. Mlingoti wa mita 7 ukisimamishwa juu ya mashua iliyo kwenye trela, ncha yake hufika mita 8 au 9 kutoka ardhini, na huko ndiko zipitapo nyaya za umeme katika maeneo mengi. Umeme wa msongo mkubwa huweza kuruka hewani kabla mlingoti haujaugusa waya, na aliyeshika mashua huku miguu ikiwa kwenye ardhi yenye maji huwa ndiyo njia yake ya kwenda chini.

Watu wameuawa kwa namna hii katika nchi mbalimbali. Nchini Marekani, ajali za mashua pacha aina ya Hobie zilifanya watengenezaji waanze, katika miaka ya 1980, kuweka sehemu ya juu ya mlingoti iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo zisizopitisha umeme. Hata hivyo kinga ya kweli ni macho: kutazama juu kabla ya kuinua mlingoti, na kutazama tena njia yote kutoka uwanjani hadi majini, kwa kuwa waya usiokuwapo pa kuinulia unaweza kuwapo njiani. Mahali penye waya wa chini, mashua hupitishwa mlingoti ukiwa umelazwa.

Mlingoti ukigusa waya, aliye ndani ya gari hubaki humo asishuke, na aliye nje hakaribii gari, trela wala mashua mpaka shirika la umeme likate umeme.

Kurudisha trela nyuma

Trela hugeuka kinyume na gari. Njia inayofundishwa kwa wanaoanza ni kushika sehemu ya chini ya usukani wa gari: mkono ukisogezwa kulia, trela huelekea kulia, ukisogezwa kushoto, huelekea kushoto. Trela fupi hugeuka haraka kuliko refu, kwa hiyo mwendo huwa wa polepole na usukani huzungushwa kidogo kidogo. Likishapinda sana, dawa ni kwenda mbele kulinyoosha na kuanza upya.

Dereva hufungua madirisha na kuvua mkanda wa kiti, ili aweze kutoka kama gari litateleza. Likifika mahali pake, huvutwa breki ya mkono, gia huachwa imeingia, injini huzimwa, na kabari huwekwa nyuma ya gurudumu lililo mahali pakavu. Magari mengi hufungwa na breki ya mkono kwenye magurudumu ya nyuma tu. Magurudumu hayo yakiwa juu ya mwani, breki huwa haina maana.

Kuelea

Kwa kanuni ya Archimedes, mashua huelea pale inaposukuma pembeni maji yenye uzito sawa na wake. Tezi huelea kwanza huku omo bado imekaa juu ya trela. Huo ndio wakati wa kufungua mkanda wa winchi, baada ya kamba ya omo kufungwa gatini au kwenye nguzo ya trela. Kosa linalorudiwa na wengi ni kufungua mkanda juu ya mteremko mkavu. Mashua huweza kuteleza ikaanguka kwenye saruji. Kosa la pili ni kusahau kamba, na hapo mwenye mashua hubaki ufukweni akiitazama inaondoka bila yeye.

Mtu husimama gatini au kando ya trela, asisimame nyuma yake wala kati ya mashua na ukuta. Huvuta kamba ya tezi, na mashua hutoka taratibu. Kisha huipeleka upande wa demani wa gati, yaani ule usiopigwa na upepo, omo ikielekea upepo. Upande huo, upepo huisukuma mashua mbali na gati. Ikifungwa upande wa joshi, upepo huibana gatini na kuisaga, na kuondoka bila msaidizi huwa kazi ngumu. Mashua ikishafungwa kwa kamba zote mbili, ndipo gari huondolewa na kuegeshwa.

Mahali pasipo gati

Kwenye ufuko mtupu, kamba ya omo hufungwa kwenye mti, jiwe au nanga iliyochimbiwa mchangani, na nanga ndogo huweza kutupwa kutoka tezini ili mashua isigeuke ubavu kwa mawimbi. Katika maziwa na mito ya Afrika ya kitropiki, likiwemo Ziwa Viktoria, kuingia majini kwa miguu kuna hatari ya kichocho. Wanaofanya kazi hii mara nyingi huvaa buti ndefu au hupimwa hospitalini mara kwa mara.

Kuondoka

Tanga kuu hupandishwa omo ikiwa imeelekea upepo na demani ikiwa imelegezwa kabisa, ili tanga lipepee bila kuvuta. Likipandishwa upepo ukiwa nyuma, hujaa mara moja na mashua huanza safari kabla kamba hazijafunguliwa. Nguvu ya upepo huongezeka mara nne kasi yake inapoongezeka mara mbili. Kwa hiyo anayeondoka peke yake hupunguza tanga mapema.

Kamba ya mwisho hupitishwa kwenye kigingi cha gati na ncha yake kurudishwa ndani ya mashua. Nahodha huweza kuifungua akiwa ameketi karibu na usukani, bila kuruka kutoka gatini. Ubao wa katikati huteremshwa mara tu maji yanapokuwa na kina, kwani bila huo mashua husukumwa upande badala ya kwenda mbele.

Kurudi

Wakati wa kurudi, matanga huteremshwa kabla ya kufika penye msongamano, na mashua hufungwa gatini gari linapoletwa. Trela halizamishwi kupita kiasi: likiwa chini sana, mashua huelea juu yake ikiyumba, na trela linapotolewa huketi upande. Nguzo mbili za pembeni mwa trela humsaidia mtu mmoja kuiweka katikati. Winchi huivuta omo hadi mwisho, mnyororo wa usalama hufungwa, kisha gari hupanda taratibu. Mlingoti hulazwa uwanjani, kabla ya gari kuingia barabarani.

Usafi wa trela

Maji ya chumvi huozesha breki, springi na beringi, kwa hiyo trela huoshwa kwa maji baridi siku hiyo hiyo. Usafi una sababu nyingine pia. Kome mdogo mwenye milia, ambaye asili yake ni eneo la Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, aligunduliwa katika Ziwa St. Clair, Amerika Kaskazini, mwaka 1988. Alifika kwa meli, lakini baadaye alihamia maziwa mengine akiwa ameshikamana na mashua za trela. Huko sasa wenye mashua hutakiwa kusafisha, kumwaga maji yote na kukausha kabla ya kwenda ziwa jingine. Kwa wakazi wa Ziwa Viktoria, ambako gugu maji lilifunga bandari na mialo katika miaka ya 1990, somo hilo halihitaji maelezo marefu: kipande kidogo cha mmea huo kikihamishwa huweza kuzaa upya.

Katika Afrika ya Mashariki

Katika pwani ya Kenya na Tanzania, mashua za trela hutumika zaidi na wanachama wa klabu za michezo ya majini katika miji kama Mombasa na Dar es Salaam. Vyombo vya wavuvi, kama ngalawa na dau, hulazwa mchangani na kushuliwa kwa kusukumwa na watu kadhaa, mara nyingi juu ya magogo, au huachwa mahali ambapo maji yenyewe yatakuja kuviinua.

Kupwa na kujaa kwa maji ndiko hutawala kazi hii. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hufika mita 3 hadi 4 katika sehemu nyingi za pwani hiyo. Kwenye mteremko wa asilimia 13, maji yakishuka mita 3, ukingo wake husogea mita 23 hivi. Mwenye mashua aliyeondoka maji yakiwa yamejaa, akarudi baada ya saa 6, huweza kukuta mwisho wa saruji uko juu ya matope na mahali pa kushulia hapapo tena. Mvuvi wa ngalawa na mwenye mashua ya trela hutofautiana kwa vifaa, lakini wote wawili huanza siku kwa swali moja: maji yanajaa saa ngapi?

Tazama pia

- Bamvua
- Dau
- Kichocho
- Kupwa na kujaa kwa maji
- Mlingoti
- Ngalawa